Msiwasingizie watazamaji, aliyetolewa kwenye Shazam ya pili ni mtoto

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi, tangu enzi zile linafika Dodoma na basi la jioni habari zishapoa, na muda wote huo sijawahi kuwaandikia. Mmeshakosea majina ya kata zetu, mmeshaipeleka Kongwa mkoa wa Singida, nikanyamaza. Ila ile ripoti ya juzi kwenye ukurasa wa burudani, yenye picha ya jamaa wa nguo nyekundu na radi kifuani, imenikaa kooni na safari hii lazima niseme. Mwandishi wenu anadai muvi ya pili ya shujaa Shazam, ile Fury of the Gods ya 2023, ni kali kuliko ya kwanza kwa sababu mapigano yameongezeka, halafu anamalizia eti haikuuza kwa vile watu wamechoka na muvi za mashujaa.

Nani kamwambia tumechoka? Ya kwanza ilitoka Aprili 2019 ikaingiza zaidi ya dola milioni 360 dunia nzima, ya pili haikufika hata milioni 140. Muongozaji yule yule David F. Sandberg, stelingi yule yule Zachary Levi, mji ule ule wa Philadelphia, watoto wale wale. Sasa kama vyote vipo, kilichopungua ni nini? Hapo ndipo mwandishi alitakiwa akae afikirie, ye akaona rahisi kututupia lawama sisi tuliokaa kwenye mabenchi.

Nitamwambia mimi kilichopungua. Ile ya kwanza ni habari ya mtoto anayemtafuta mama yake. Billy Batson alimpotea mama kwenye viwanja vya bembea akiwa mdogo, akakulia kwenye nyumba za kulelewa, kila akiwekwa anatoroka, na anakotorokea ni kumtafuta huyo mama tu. Ndio maana utani wake unachekesha, maana unaona kabisa ni mtoto wa miaka kumi na minne aliyetamka neno moja, Shazam, akawa pande la mtu, na cha kwanza anachofanya na hizo nguvu ni kujaribu bia na kurusha cheche barabarani apewe hela, yaani yale yale ambayo mtoto yeyote wa Chang'ombe au Makole angeyafanya. Unacheka huku unajua anaficha kitu. Halafu anampata mama, anagonga mlango, na mama mwenyewe anamwambia kwamba siku ile alimuona yuko na polisi akaamua kumuacha aende zake. Billy anampa kile kidira alichoshindiwa pale kwenye bembea, kitu alichokitunza miaka yote, na mama hata hakikumbuki. Muvi ya kuchekesha hiyo, mhariri. Na baada ya hapo ndipo anarudi kwa Rosa na Victor, mke na mume wanaomlea, ambao wao wenyewe walilelewa na wasio wazazi wao, na anajua sasa kwao ni wapi.

Mimi hii habari siisemi kwa kusikia. Nalea mtoto wa marehemu dada yangu, yuko kwangu tangu hajaweza kutamka herufi r. Likizo iliyopita kijana mwenye kibanda umiza mtaani kwetu aliweka zote mbili siku moja, ya kwanza mchana ya pili jioni, zile zilizotafsiriwa, nami nikaenda naye kwa sababu alinisumbua wiki nzima. Ile ya mchana banda lilijaa, madirisha yamezibwa na nailoni nyeusi, joto, watoto wamekaa hadi chini kwenye vumbi, wanacheka mpaka huwezi kumsikia mtafsiri. Ilipofika pale mlangoni kwa mama, kimya. Hata yule mtafsiri, ambaye kazi yake ni kuropoka muda wote, akapunguza sauti. Mwanangu hakunitazama, ila alishika ncha ya khanga yangu akakaa nayo mpaka Billy alipoondoka pale mlangoni. Basi jioni tukarudi tukalipa tena, na bei imepanda eti kwa sababu hii ni pati tuu. Mapigano kweli yapo, mwandishi wenu hakudanganya hapo, yapo mpaka yanachosha: mabinti wa Atlas, lile jitu la hadithi za Kigiriki, wameshuka, Helen Mirren na Lucy Liu waigizaji wakubwa kabisa wamevalishwa mavazi ya chuma wanaongea kwa hasira tu mwanzo mwisho, kuna tufaha la dhahabu, kuna mti unaoota katikati ya uwanja wa besiboli, mazimwi yanatoka ardhini, mji umefunikwa na kuba, na joka la mbao limebeba mtu mgongoni. Katikati ya hilo joka mwanangu akanyanyuka akaenda kununua ubuyu nje. Akarudi, akakaa, akala ubuyu wake, wala hakuniuliza kimepita nini. Mtoto ambaye mchana alikataa kwenda hata chooni! Baadaye ndio akaniuliza, "Mamdogo, kwani Billy mwenyewe yuko wapi?"

Swali hilo ndilo lilitakiwa liwe kichwa cha ripoti yenu. Billy mwenyewe, yule kijana anayechezwa na Asher Angel, humo ndani anaonekana mara moja moja, karibu muda wote ni mtu mzima wa mavazi mekundu. Na Billy sasa ana miaka kumi na saba lakini huyo mtu mzima anatania kitoto kuliko Billy wa kumi na nne, kwa hiyo huamini tena kwamba ni mtu mmoja. Kinachoniuma zaidi ni kwamba habari nzuri walikuwa nayo mkononi. Mwanzoni wanaonyesha Billy anakaribia kumi na nane na serikali itaacha kumlipia Rosa hela ya malezi, na mtoto ana hofu ataachwa tena. Anakwenda hadi kwa daktari wa watoto akiwa na mavazi yake ya shujaa kumueleza hofu zake, nikacheka kweli nikasema haya, wameanza vizuri. Hofu hiyo kila anayelea mtoto asiye wa kumzaa anaijua, mtoto akianza kuota ndevu anaanza kukuangalia anajiuliza kama bado ana haki ya chakula chako. Wakaiacha pale pale. Wanaikumbuka mwishoni Billy anapomwita Rosa mama kwa mara ya kwanza, dakika ambayo ilistahili kubeba muvi nzima, na wanaipitisha mbio mbio kwa sababu joka linasubiri. Halafu Billy anakufa, anazikwa, na Wonder Woman, shujaa wa kike wa muvi nyingine, anakuja kumfufua. Stelingi hafi, hilo tunalijua wote tangu utoto, lakini zamani angalau walikuwa wanahangaika kutufanya tuogope.

Nimsifu kidogo Freddy, yule ndugu wa malezi wa Billy anayetembelea mkongojo, anachezwa na Jack Dylan Grazer. Kila akiingia muvi inapumua. Ndio huyo tu.

Na kuna ile sehemu ya farasi wenye pembe. Mji unateketea, Darla, yule binti mdogo anayelelewa pamoja na Billy, anawatuliza hao farasi kwa Skittles, jina la pipi linasikika, paketi inaonekana, mpaka na maneno ya tangazo lao yanatamkwa. Tangazo katikati ya vita! Lakini nikisema hilo lazima niseme na la kwetu, maana hapa hapa nyumbani jioni nikiwasha king'amuzi katuni za watoto zinakatizwa na matangazo ya kubeti, kijana anarusha noti hewani eti ameshinda kwa jero. Mtoto wangu anajua majina ya kampuni za kubeti kuliko majina ya wilaya za mkoa wake. Vijana wa bodaboda pale kijiweni kwetu hela ya kumpelekea bosi wanaimalizia kwenye simu kabla ya saa sita mchana, mama zao wanakuja kulia kwangu. Na nyie mhariri hamjapona, ripoti yenyewe ninayoilalamikia mmeibana pembeni, nusu ukurasa mmeuza kwa tangazo la kubeti, ukurasa ambao watoto ndio wanaufungua wa kwanza kwa ajili ya picha. Mnapata hela, sawa, magazeti yana hali ngumu tunajua, ila hamisheni hayo matangazo yaende nyuma kwenye habari za minada huko.

Turudi kwenye muvi. Ninachotaka ni hiki. Kabla hamjachapa tena sifa za muvi yoyote ya pili ya mashujaa, mwandishi wenu akaitazame na watoto wa darasa la nne mpaka la saba, sio peke yake kwenye laptopu na spika za masikioni. Akae nao benchi moja, asiangalie skrini tu, awaangalie wao wananyanyuka saa ngapi kwenda kununua ubuyu, aandike hiyo dakika. Ikiisha awaulize swali moja: stelingi alikuwa anataka nini? Kwa ile ya 2019 mtoto yeyote atakujibu anamtaka mama yake. Kwa hii ya 2023 mimi niliwauliza watoto wa banda zima wakabaki wanatazamana, mmoja akaniambia anataka kuua joka. Majibu ya watoto yachapwe kama yalivyo, chini ya ripoti, bila kuyanyoosha.

Kama hajui aanzie wapi, aje kwetu Majengo. Banda liko nyuma ya soko, Jumamosi wanaanza saa nane mchana, akae mbele walipo watoto, huko nyuma wanakaa wakubwa na hawaachi kuongea.

Mama mlezi na msomaji wenu,
Majengo, Dodoma.