Huo usiku mmoja wa ziada kwenye safari ya Mafia

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Uyole alisimama mlangoni kwetu hapa Kabwe, Mbeya, mchanganuo wa gharama mkononi, kidole kimeganda kwenye mstari wa mwisho. "Kaka, huu usiku mbona hauna kazi? Siku hiyo hakuna mtungi, hakuna chochote, ila chumba nalipia. Ndipo mnapotupigia hapa?"

Si yeye wa kwanza. Tangu tuanze kupeleka watu wa Mbeya na Iringa baharini, kisiwani Mafia, kuona potwe, yule papa mkubwa wa madoa, na kuzamia (kuzamia kwa mtungi wa hewa, siyo kule kwa vijana wa bandarini), huo usiku unatugombanisha na wateja kuliko hata nauli. Wapo waliotuacha wakaenda na wenye bei ya chini, ambao mchanganuo wao hauna huo mstari. Basi nieleze, na atakayeona bado tunampiga aje aseme.

Jibu liko kwenye chupa ya maji. Umepanda basi Nane Nane alfajiri, ukanunua maji, ukanywa nusu, ukakaza kifuniko. Ukifika Chalinze chupa imebonyea kama imekaliwa. Ukirudi ni kinyume chake: pakiti ya krispi uliyoinunua Morogoro, ukimaliza kona za Kitonga imevimba, inataka kupasuka. Hakuna aliyeigusa. Ni hewa ya nje tu, inapungua mgandamizo kadiri unavyopanda. Jiji letu liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa pwani. Iringa mjini wako chini yetu kidogo. Mafinga, wanaoijua baridi yake watakubali, ni juu zaidi ya wote.

Mtu aliyetoka kuzamia ndiye hiyo pakiti. Baharini kila mita 10 za kwenda chini zinakuongezea mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yako ukisimama ufukweni. Kwenye mita 18, ambazo ndizo mwisho wa mwenye cheti cha kwanza, umebeba karibu mara 2.8 ya mgandamizo wa ufukweni, na hewa ya mtungi unaivuta kwa mgandamizo huo huo. Karibu asilimia 78 ya hewa hiyo ni naitrojeni. Mwili hauna kazi nayo, kwa hiyo inayeyuka na kujificha kwenye damu na mafuta, kama gesi ndani ya soda isiyofunguliwa. Ukipanda polepole, ukasimama dakika 3 kwenye mita 5 kama mwalimu wa kuzamia anavyokuelekeza, inaanza kutoka taratibu kwa njia ya mapafu. Lakini haitoki yote papo hapo. Umekaa ufukweni unakula pweza na kucheka, kumbe nyingine bado imo, inaendelea kutoka saa baada ya saa.

Ukiipandisha Kitonga ikiwa bado imo, umefungua soda iliyotikiswa. Gesi inageuka viputo ndani ya mwili. Viungo vinauma, mkono au mguu unaingia ganzi, kizunguzungu, uchovu usioelezeka. Ikiwa mbaya, mtu anapooza.

Wazamiaji wana mapendekezo yao kwa anayetaka kupanda ndege: baada ya mzamio mmoja wa kawaida subiri angalau saa 12, na kama umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18. Yaliwekwa kwa kufikiria ndege ambayo hewa ya ndani yake inalingana na mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400. Zirudie hizo namba, halafu fikiria kitanda chako kiko mwinuko gani. Mtu wa Tanga akimaliza kuzamia anapanda basi anarudi kwao, hana wasiwasi. Wewe wa Mbeya, hilo basi lako ni ndege. Tena afadhali ndege, maana yenyewe baada ya saa moja inashuka.

Mimi sikuyasoma kitabuni kwanza. Kabla ya biashara hii nilizamia mara mbili asubuhi, nikawahi ndege ndogo ya mchana kwenda Dar, jioni nikadandia gari la rafiki lililokuwa linapandisha nyanda za juu usiku ule ule. Tulipofika Ilula, pale kwenye nyanya na vitunguu, kiwiko cha kushoto kikaanza. Nikasema nimelalia mkono. Tunaingia Ipogolo, maumivu yamefika begani, kama jino bovu lililohamia kwenye mfupa. Nikampigia mwalimu wangu wa kuzamia, usiku wa manane, nikamwamsha.

"Uko wapi?"

"Iringa."

Akanyamaza kidogo. "Shuka hapo hapo. Usipande zaidi. Tafuta oksijeni."

Nilivuta oksijeni kwa barakoa hadi kulipokucha, maumivu yakaachia. Ilikuwa bahati, na nisingependa mteja aipime ya kwake. Matibabu kamili ni oksijeni mapema iwezekanavyo, kisha chumba cha mgandamizo, yaani chumba maalumu cha matibabu ambamo mgandamizo wa hewa unaongezwa, na vyumba hivyo havipatikani kila mkoa. Tangu siku ile kwetu ni saa 24 kamili, hata kama mtu alizamia mara moja tu.

Ndipo usiku unapozaliwa. Mzamio wa mwisho unaisha saa 6 au 7 mchana. Ukitaka kurudi kwa ndege, ile ya kesho yake asubuhi inaondoka kabla saa 24 hazijatimia, kwa hiyo unalala Mafia usiku mwingine. Ukirudi kwa boti hadi Nyamisati, safari yenyewe haina neno kwa sababu bahari haina mlima. Unakuja kulala Dar, na kinachokatazwa ni kuunga siku hiyo hiyo na gari la kupandisha huku. Kwa njia yoyote ile chumba kimoja kinaongezeka. Bei yake tunaiandika kama ilivyo kwenye risiti ya hoteli, na risiti tunaonyesha.

Sasa habari njema, na huenda nilipaswa kuanza nayo: wengi wenu huo usiku hauwahusu kabisa. Anayeenda kwa ajili ya potwe peke yake hahitaji mtungi. Potwe wa Mafia wanakula karibu na uso wa maji, upande wa magharibi wa kisiwa, mbele ya Kilindoni. Unavaa miwani ya kuzamia, bomba la kupumulia, mapezi ya miguuni na jaketi okozi, unaelea juu, unamwangalia chini yako. Hewa unayovuta ni ya juu, hujabeba gesi ya ziada, kesho yake panda Kitonga upendavyo. Mitungi ni ya upande wa pili, Utende na ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Huko ndiko kwenye matumbawe, kasa, samaki aina ya taa na chewa wakubwa. Watu wanavichanganya hivi viwili kila siku, na wapo wanaolipia kozi nzima ya kuzamia ili waone samaki ambaye angeonekana kwa bomba tu.

Kuna mama mmoja, mfanyabiashara wa viazi, aliyekuja na mjukuu wake mwaka jana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo samaki hali watu?"

Nikamwambia hali. Ni papa kwa ukoo, ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini chakula chake ni vijidudu vya baharini, mayai ya samaki na kamba wadogo mno, anayafungulia mdomo na kuyachuja. Wa Mafia wengi bado ni madume vijana, wa mita 5 hadi 9. Mita 9 ni ndefu kuliko daladala ya kwenda Mbalizi. Mama akawaza kidogo: "Na akinipiga mkia?" Swali zuri kuliko lile la kwanza. Mkia ndio wa kuogopwa, si mdomo. Ndiyo maana unakaa angalau mita 3 kutoka ubavuni na mita 4 kutoka mkiani, humgusi, humkatizi mbele, hupigi picha kwa mwanga. Kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini yumo tangu 2016, na nahodha anayekuambia umshike pezi ili upate picha nzuri, mshushe kwenye orodha yako.

Mama aliingia majini, na jaketi lake, mkono mmoja umeng'ang'ania boya. Alipotoka alisema ana madoa kama kitenge. Kenya wanamwita papa shilingi kwa madoa hayo hayo, na watafiti wanamtambua kila mmoja kwa mpangilio wake, kwani haufanani na wa mwenzake.

Msimu ni kuanzia Oktoba hadi Machi, kaskazi ikivuma. Miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo ninayoipenda. Hatukuahidi kwamba utamwona. Ni mnyama wa porini, na kuna asubuhi boti imezunguka kwa muda wa saa tatu tukarudi na jua tu usoni. Ndiyo sababu tunakuwekea asubuhi mbili za potwe, siyo moja. Ya pili tunaipanga baada ya siku za mitungi, ili mwenye kusubiri saa zake 24 awe na la kufanya. Kuelea juu kwa bomba hakuna shida wakati huo. Kinachokatazwa ni kupiga mbizi za kina kwa pumzi, na vijana wanaopenda mashindano wanisikie.

Kwa asiyewahi kuweka uso majini, usianzie baharini. Tunakwenda kwanza Matema, Ziwa Nyasa, siku mbili. Maji hayana chumvi, ni maangavu, na samaki wadogo wa rangi rangi wamejaa kwenye mawe. Tunaogelea mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, na kwa kuwa kichocho kipo ziwani, muulize daktari wako kuhusu dawa baada ya safari. Ukiweza kupumua kwa bomba dakika 20 Matema bila kuinua kichwa, Kilindoni utaona samaki badala ya kupigana na maji. Mwenye pumu au matatizo ya moyo, mtungi hapana hadi tuone barua ya daktari. Kwa mjamzito mtungi ni hapana kabisa, hata barua hatuitaki.

Yule mwalimu alisikiliza yote haya amesimama, akakataa kiti. Akauliza kama anaweza kuzamia siku mbili za mwanzo tu, siku ya tatu akamtafute potwe kwa bomba, ya nne asubuhi apande ndege na kuunga safari ya Mbeya. Nikahesabu kwa vidole: mzamio wa mwisho siku ya pili saa 7 mchana, ndege siku ya nne saa 3 asubuhi. Saa 44. Nikachukua kalamu nikaukata ule mstari wa mwisho mbele yake.