Barua ya Wazi kwa Gavana wa Mombasa: Mafunzo ya Kuzamia kwa Vijana na Wazazi Wao

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia nikiwa mama na mkazi wa Kisauni, kukuomba kaunti iwafungulie vijana wetu, kuanzia miaka 12 hivi, nafasi ya kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa katika likizo ya Desemba, na iwafungulie wazazi wao vilevile. Najua meza yako ina la taka, la maji ya mfereji na mengine yasiyoweza kungoja. Hili langu ni dogo kwa gharama, na sehemu kubwa ya vifaa vyake tayari viko Nyali, Bamburi na Shanzu, vikitumiwa na wageni.

Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na binti yake, na sisi wakazi tulikaa karibu wiki mbili tukisubiri litolewe. Sisemi kwamba watoto wa shule wapelekwe kwenye kazi kama ile, kwa kuwa kina kile na mkondo ule ni vya wazamiaji waliobobea. Nasema kwamba mji uliozungukwa na maji pande zote ungepaswa kuwa na watu hao wengi kuliko ulio nao, na mzamiaji aliyebobea akiwa na miaka 30 aghalabu alianza akiwa kijana.

Wapo watakaokuambia kwamba ni hatari kwa watoto. Hofu hiyo ina haki yake, na ndiyo maana mafunzo yana masharti makali. Kwa utaratibu wa PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, unaotumiwa na vituo vingi vya kuzamia duniani, mtoto huruhusiwa kuanza kozi ya cheti cha kwanza akiwa na miaka 10. Wa miaka 12 hadi 14 hazidi mita 18, na hata akishapata cheti ni lazima azamie na mtu mzima mwenye cheti. Kabla ya kumaliza kozi huogelea mita 200 na kuelea kwa dakika kumi bila kushika kitu. Mzazi hujaza fomu ya afya na kutia sahihi, na pumu au ugonjwa wa masikio haufichwi, maana huko chini ndiko utakakojitokeza.

Nimewahi kukaa ukingoni mwa bwawa nikitazama somo la kwanza. Vijana walipiga magoti chini ya maji, mwalimu akawaamuru waingize maji kwenye miwani kisha wayatoe kwa kupuliza kwa pua huku wameinua uso. Msichana mmoja alishtuka akataka kukimbilia juu, na mwalimu akamshika mkono kwa upole, akamwonyesha kwa ishara aendelee kuvuta na kutoa pumzi. Ndipo nilipoielewa sheria ambayo mwalimu alikuwa ameirudia tangu asubuhi, kwamba mzamiaji hazuii pumzi hata mara moja. Kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, na hewa iliyojaa mapafuni pale hutaka kutanuka maradufu mtu anapopanda, hivyo anayeizuia anaweza kupasuka mapafu. (Iliyomo mtungini, kwa wanaouliza, ni hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, si oksijeni tupu.)

Mheshimiwa, kinachotukwamisha sana ni sisi wazazi wenyewe. Wengi wetu tumelelewa kwa kuambiwa tusisogelee maji, na wengi wa kina mama wa mtaani kwangu, waliozaliwa karibu kabisa na bahari, hawajui kuogelea. Mzazi wa namna hiyo atamkataza mwanawe, au atamruhusu kisha abaki ufukweni akitetemeka, asijue la kuuliza wala la kukagua. Nilipotafuta mahali pa kujifunza mimi mwenyewe, hoteli moja ilinijibu kwamba bwawa ni la wageni wake, na kwingine hapakuwa na saa hata moja ya wanawake peke yao. Kwa wengi wetu, bila saa hizo na bila ruhusa ya kuvaa nguo ya kuogelea yenye stara, mlango huo haujafunguliwa hata ukiitwa wa umma.

Kwa hiyo naomba kwanza bwawa, la kaunti au la kukodi, lenye saa za wanawake na mwalimu wa kike, ambamo mzazi na kijana wataanza na kuogelea kwa miezi kadhaa. Pili, kaunti ikubaliane na vituo vya kuzamia vitenge nafasi kwa wanafunzi wa shule za umma mwezi wa Desemba. Likizo ya Agosti haifai, kwa kuwa ni wakati wa kusi, mawimbi ni makubwa na maji yamechafuka. Kaskazi inapoingia bahari hutulia na mwalimu huwaona wanafunzi wake wote. Tatu, ada ya kuingia Hifadhi ya Bahari ya Mombasa kwa wanafunzi hao izungumzwe mapema na KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi hiyo.

Mamlaka unayo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti michezo, fukwe na usimamizi wa majanga, na ombi hili linagusa yote matatu. Kazi nazo zipo kwa watakaoendelea: utafiti wa matumbawe, ukaguzi wa meli bandarini, na hata akiolojia, kwani mbele ya Fort Jesus ilizama meli ya Wareno Santo António de Tanná mwaka 1697, na wazamiaji ndio walioichunguza.

Naomba ofisi yako ikutane na wazazi, waalimu wa kuzamia na wakuu wa shule kabla ya muhula wa tatu kuanza, ili Desemba isitupite. Nitahudhuria popote mtakapopanga, mradi iwe siku ya Jumamosi, kwa kuwa siku nyingine niko sokoni Kongowea.

Wako mwaminifu,

Mama mzazi,
Kisauni, Mombasa