Ripoti ya usemi isomwe kabla mtoto hajapangiwa darasa

Mhariri,

Mwanangu ana miaka saba. Hawezi kutamka sentensi nzima, lakini ukimtuma ndoo iliyo nyuma ya jiko ataileta, na asipoikuta hapo ataizunguka nyumba kuitafuta. Mwaka jana nilimpeleka kufanyiwa tathmini ya elimu. Akaonyeshwa picha, akaulizwa kwa Kiingereza majina ya vitu vilivyomo. Kimya. Fomu ikajazwa kwamba ana ulemavu wa akili. Nyumbani kwetu tunazungumza Kigiriama na Kiswahili.

Mkobani nilikuwa na ripoti ya mtaalamu wa tiba ya usemi, kurasa tatu. Ilisema masikio yalipimwa yakaonekana sawa, kwamba anafuata maagizo mawili kwa mkupuo akiambiwa kwa Kigiriama, na kwamba maneno anayoyaelewa ni mengi kuliko anayoweza kuyatamka. Haikufunguliwa, nami niliona haya kumwambia afisa aisome.

Mhariri, tathmini ndiyo inayoamua mtoto atafuata mtaala upi: wa kawaida wenye gredi, au ule wa hatua kwa hatua uliowekewa wasioumudu wa kawaida. Asiyesema anaweza kuwa anaelewa yote, na kosa la siku moja likishaandikwa kwenye faili linamfuata kila shule anakokwenda.

Sera ya serikali ya Kenya ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inataka tathmini ihusishe wataalamu wa fani mbalimbali. Lakini wataalamu wa usemi ni wachache nchini, hawawezi kuketi katika kila kituo cha tathmini ya elimu (EARC). Ripoti ndiyo inayoketi kwa niaba yao. Afisa asiyekubaliana nayo aandike sababu.

Nanyi wataalamu, "aendelee na tiba" haimsaidii mwalimu. Andikeni mlimpima kwa lugha gani, anaelewa nini, anajieleza vipi, na darasani anahitaji nini: picha za kuonyesha anachotaka, muda zaidi wa kujibu, vipindi vingapi vya tiba kwa wiki. Wazazi wenzangu, bebeni nakala, ile halisi ibaki nyumbani, na msione haya kama nilivyoona mimi.

Nimeomba tathmini irudiwe mwezi ujao. Ukurasa wa pili wa ripoti nimeukunja pembeni, na nitamwomba afisa aanze kwa Kigiriama.

Mzazi,
Pwani