Risala ya Kikundi Chetu cha Taarab kwa Mgeni Rasmi, Usiku wa Kumkumbuka Umm Kulthum

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu, wazee, wapenzi wa taarab na majirani mlosogea baada ya kusikia fidla, assalaam aleikum.

Mheshimiwa, kwanza ahsante kwa kuja, na ahsante zaidi kwa kuja mapema, mana tumewahi kualika wageni rasmi wakafika wakati tunakunja mikeka. Tunaona umekaa vizuri, feni inakuelekea, basi tuanze.

Tumekusanyika kumkumbuka Bibi Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, Nyota ya Mashariki, aliyefariki Cairo tarehe 3 Februari 1975. Historia yake ni ndefu na muda ni mdogo kwahiyo tutaipitia mbio mbio. Alizaliwa kijiji cha Tamay ez-Zahayra huko Dakahlia kwenye delta ya Nile, baba yake imamu wa msikiti, kipato kidogo, akaanza kuimba kaswida na baba yake vijijini akiwa kavishwa nguo za kiume ili watu wasiseme. Miaka ya 1920 wakahamia Cairo, akakutana na mshairi Ahmad Rami na mtunzi Mohamed El Qasabgi, redio ya taifa ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934 akaimba huko, na baadae ikawa kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, msimu wa maonyesho ukiwa umeanza, nchi za Waarabu zinatulia kumsikiliza, wimbo mmoja unakwenda saa nzima na watu bado wanataka aurudie. Wazee wetu hapa Unguja nao walimsikia kwa redio na sahani za santuri, na wengine hadi leo ukiwagusa kidogo wanakuimbia bila kujua Kiarabu cha kuombea maji.

Alipokufa Cairo ilijaa mamilioni ya watu, wakalichukua jeneza mikononi mwa waliolibeba wakalipitisha mitaani wenyewe. Hayo tunayaacha hapo.

Kuhusu kikundi chetu, Mheshimiwa, mafanikio ni mengi. Tumepiga kwenye harusi zisizo na idadi. Pemba tumefika. Kijana wetu wa ngoma ya dumbak amewahi kupiga hotelini mbele ya wageni kutoka Ulaya nao wakasimama, jambo linaloonyesha kuwa kikundi sasa kina sura ya kimataifa. Tumenunua viti vya plastiki, na kabati la kuwekea vyombo lenye kufuli, ingawa ndani yake vyombo vyenyewe ndo hivo tunavyokwenda kuvieleza.

Mheshimiwa, hatuna ganuni.

Yaani ipo, lakini si ganuni tena. Ganuni ni kile chombo cha nyuzi cha kulaza mapajani, na ya kawaida ina nyuzi 78, zinakwenda tatu tatu kwa kila sauti, yetu nyuzi nyingi zimekatika na zilizobaki zina kutu, ile ngozi ya samaki chini ya daraja imelegea kwa unyevu wa bahari, na vile vichuma vidogo vya upande wa kushoto vya kupandishia na kushushia sauti vingine vimeng'oka, mzee wetu anayepiga akavifunga kwa uzi wa nailoni mpaka siku moja vikamshinda akasema nileteeni chombo nami nitarudi. Yuko hapa usiku huu, kakaa safu ya pili, hapigi, anasikiliza.

Tumeshaambiwa, na mtu mwenye nia njema, kwani si mtumie kibodi? Mheshimiwa, kibodi tunayo, tumeazima, lakini ile ya kawaida haina zile robo za sauti za rasti na bayati, yaani njia za sauti za muziki wa Kiarabu, na taarab bila hizo inakuwa chai bila sukari, unakunywa kwa heshima ya mwenye nyumba tu. Mwaka 1964 Umm Kulthum alipoimba Enta Omri, utunzi wa Mohamed Abdel Wahab, waliingiza mpaka gitaa la umeme na watu wakashangaa, lakini je, ganuni waliiondoa? Hawakuiondoa! Mohamed Abdo Saleh alikuwepo na ganuni yake mapajani kama alivyokuwepo miaka yote. Na sisi wenyewe taarab yetu inasimuliwa ilianza na ganuni hiyo hiyo, Seyyid Barghash alipompeleka Mohamed Ibrahim Misri kwenda kujifunza kuipiga. Sasa ikiwa Sultani wa karne ya 19 alimsomesha mtu mpaka Misri kwa ajili ya ganuni, sisi tunaomba chombo tu, mpigaji tunae.

Inasimuliwa vilevile kuwa El Qasabgi, aliyekuwa akipiga udi nyuma ya bibi mpaka alipofariki mwaka 1966, kiti chake kiliachwa kitupu jukwaani kwa heshima. Mheshimiwa ukitazama jukwaani kwetu utaona nasi tuna kiti kitupu. Hatukukiweka kwa heshima ya marehemu yeyote.

Hili ombi si jipya. Mgeni rasmi mmoja, Mungu amzidishie, alisimama hapo hapo ulipo akasema ganuni itafika kabla ya Ramadhani, tukapiga makofi, ila hakusema Ramadhani ipi. Aliyemfuata akatuletea jezi seti nzima na mipira miwili, tukashukuru, jezi ni nzuri, vijana wanavaa mazoezini, lakini hatujapata wimbo wa kuupigia mpira. Tunayasema haya bila kinyongo, ni kumbukumbu tu za kikundi, zipo kwenye daftari.

Baada ya vita vya Misri na Israeli vya 1967 Umm Kulthum alizunguka nchi kwa nchi akiimba, Paris kwenye ukumbi wa Olympia mwezi Novemba mwaka huo huo, mwaka uliofuata Khartoum, na kwengine kwingi, fedha akaipa serikali yake. Kule msanii aliichangia serikali. Sisi hatujafika huko, kwa leo tunaomba ije upande wetu kidogo, ikisharudi sawa tutaona namna.

Ankara ya ganuni pamoja na nyuzi za akiba tumeiambatanisha nyuma ya risala, ina muhuri wa duka, hatukuongeza hata nauli ya bodaboda. Fedha mkononi hatutaki, mana itazua maneno, tunapendelea Mheshimiwa ulipe dukani mwenyewe au umtume mtu wako, na tunaomba pia tarehe. Katibu msaidizi kakaa kushoto kwako, daftari lipo wazi na kalamu mbili, moja ikigoma nyengine itaandika.

Wabillahi tawfiq.

Imeandikwa na kamati ya maandalizi, kwa niaba ya wanakikundi wote.