Ziada ya HSA haitolewi kwa programu ya simu

Juzi mama mmoja ameandika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu hapa Columbus kwamba sisi watayarishaji wa ritani za kodi tulimtoza dola 120 kwa kuondoa ziada ya HSA yake, kazi ambayo kwake ni "kubonyeza kitufe". Mama, tunakuheshimu na hatugombani nawe. Ila msimu huu tumeshalisikia neno hilo mara tatu, kwa hiyo acha tulieleze.

Akaunti ya akiba ya matibabu, hii HSA, ina kikomo cha fedha za kuweka kwa mwaka. Kwa mwaka 2025, aliyekuwa mwaka mzima na bima ya peke yake ni dola 4,300, wa bima ya familia 8,550, na mwenye miaka 55 au zaidi anaongeza 1,000. Ndani ya kikomo hicho mna fedha zako na za mwajiri pia. Mume na mke wenye bima ya familia wanagawana hiyo 8,550 moja. Ukizidisha, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, inakata asilimia 6 ya ziada, na inarudia kila mwaka ziada ikiendelea kulala mle.

Wengi wanaozidisha ni watu wa kuhama kazi katikati ya mwaka. Kaka mmoja wa maghala, mwaka 2024, kazi ya kwanza iliingiza kwenye HSA yake dola 2,400, ya pili 2,600. Jumla 5,000, kikomo kilikuwa 4,150. Ziada 850. Alipoijua, Machi 2025, akafungua programu ya simu, akahamisha 850 kwenda benki yake, akalala usingizi mzito.

Januari 2026 ikaja fomu 1099-SA, inayoonyesha fedha zilizotoka kwenye HSA. Sisi jicho letu linakwenda kisanduku cha 3 kwanza. Kulikuwa na namba 1, yaani ametoa fedha kwa matumizi ya kawaida. Ziada iliyorudishwa kwa utaratibu huandikwa 2. Kwa hiyo 850 yote ikawa na kodi ya mapato, juu yake adhabu ya asilimia 20, dola 170, na zile dola 51 za asilimia 6 za 2024 zikabaki palepale. Tulimtuma nyumbani atafute risiti za matibabu aliyolipa mfukoni na hajawahi kujirudishia kutoka HSA. Akarudi na za daktari wa meno na miwani, dola 310, zimekunjwa ndani ya bahasha ya harusi. Hizo 310 zikahesabiwa matumizi ya matibabu, yasiyo na adhabu, na adhabu ikashuka hadi dola 108. Bado tulilazimika kurekebisha ritani ya 2024 kwa 1040-X, kwa sababu ile 850 ilikatwa kwenye mshahara kabla ya kodi na hakuitaja popote.

Njia yenyewe ni kuiandikia kampuni inayotunza akaunti ombi la kuondoa ziada, kwa jina hilohilo. Wao wanapiga hesabu ya faida iliyozaliwa na ziada hiyo na kuitoa pamoja nayo. Faida hiyo unaitaja kwenye mapato ya mwaka uliyoipokea. Kwa ziada ya 2025, mwisho ni 15 Aprili 2026. Ukiwa umewasilisha ritani kwa wakati, unayo nafasi hadi 15 Oktoba, ila ritani inarekebishwa. Dola 120 zetu ni kukaa kwenye simu na kampuni hiyo (wanapenda sana muziki wao), kuandika ombi na kujaza upya 8889, fomu ya HSA kwenye ritani.

Na si kila ziada tunaigusa. Mzee mmoja alizidisha dola 60. Asilimia 6 ni dola 3 na senti 60. Tulimwambia alipe hizo kwa fomu 5329, mwaka unaofuata aweke pungufu kwa dola 60. Hatukumtoza chochote kwa ushauri huo, na hilo halikuandikwa kwenye kundi.

Dada mwingine hakuwa na ziada kabisa. Kiasi chenye herufi W kwenye kisanduku cha 12 cha W-2, fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri, alikiandika tena kama mchango wake mwenyewe, na programu ya kodi ikampigia kelele ya ziada ya dola 3,000. Herufi W ni za mwajiri pamoja na ulizokatwa kwenye mshahara, zimeshahesabiwa. Tulimkuta fomu ya kuomba zitolewe ameshaijaza, bado kuituma tu.

Kwa hiyo ukiona programu inataja ziada, usihamishe hata senti. Njoo na 1099-SA kama unayo na W-2 zote, hata ile ya kazi uliyofanya wiki 3 ukaacha.