Mhariri, kabla ya kufomati simu tuangalie APN kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba kaupenyo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua wenzangu wanaleta hoja nzito nzito lakini hili langu kila mtu anatembea nalo mfukoni, ni hii habari ya simu kukataa intaneti na sisi wote tumekariri dawa moja tu, ifomati. Ukimuuliza mtoto atakwambia ifomati, shemeji atakwambia ifomati, ukimpelekea fundi hujakaa hata kwenye kiti yeye ameshafika kwenye menyu ya kufuta. Mimi nimeshafomatiwa tayari kwa hiyo naandika kama majeruhi.

Ilikuwa hivi. Simu yangu inapiga, inapokea, meseji zinaingia, mistari ya mtandao imejaa mpaka juu, bando lipo, ila ukifungua kitu chochote kinazunguka weee mpaka unachoka wewe. Nikaipeleka kwa fundi, akaishika kama dakika mbili hivi akasema simu imechoka inatakiwa isafishwe, mi nikasema sawa maana kuna ujumbe wa kazi nilikuwa nausubiri WhatsApp na akili yangu yote ilikuwa huko. Akasafisha kweli. Intaneti ikarudi, nikafurahi mpaka jioni nilipofungua picha nikakuta hamna kitu, picha za miaka 4 zimeondoka, na sauti alizokuwa ananirekodia marehemu mama nazo zimeondoka. Nilipouliza kama zinarudishika nikaambiwa simu za siku hizi zinahifadhi vitu vikiwa vimefungwa kwa ufunguo uliomo humo humo ndani, ukifomati ufunguo unafutwa, kwa hiyo hata zikipatikana hazisomeki tena. Kosa la kutoziweka na sehemu nyingine ni langu, sikatai. Kilichoniuma ni nilipokuja kujua baadae kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa mstari mmoja wa maandishi ambao unafutwa na kuandikwa upya kwa dakika moja bila kugusa hata picha moja.

Mstari huo ndo APN. Wengi tunadhani ile mistari ya juu ya skrini ndo intaneti, siyo, ile inakuonyesha tu kwamba simu inausikia mnara vizuri. Kutoka kwenye mnara mpaka ufike intaneti kuna safari nyingine ndani ya mitambo ya kampuni ya simu, na APN ni jina la geti ambalo simu yako inaomba kutokea. Ukitaja geti ambalo halipo hakuna wa kukufungulia, hata kama bando lako ni la mwezi mzima na mnara umekuegemea dirishani. Ndo maana mtu anaweza akaongea na simu masaa mawili na intaneti asiipate hata sekunde moja.

Sasa utauliza mbona hujawahi kuandika hiyo APN na intaneti yako inafanya kazi miaka yote. Ndani ya laini kuna namba isiyozidi tarakimu 15, siyo ile ya kupigiwa, hii ni nyingine kabisa, tarakimu 3 za mwanzo zinataja nchi na 2 au 3 zinazofuata zinataja kampuni. Simu ikiwaka inasoma hizo, inaenda kwenye orodha yake iliyotoka nayo kiwandani, ikiikuta kampuni yako inajijazia yenyewe kimya kimya. Tatizo linakuja kama orodha haina kampuni yako, labda simu ilitengenezewa soko la mbali, labda kampuni ni changa kuliko simu, au labda kuna mtu ameshika shika.

Huyo mtu aliyeshika shika kwenye simu yangu, Mhariri, alikuwa mimi. Sikumwambia fundi na ningeona aibu kumwambia. Wiki moja kabla nilikuwa nimeangalia video ya kijana mmoja anafundisha namna ya kupata intaneti ya bure, anakwambia futa APN andika hii, kwenye proksi weka hizi namba, kwenye poti weka hizi, ukimaliza mshirikishe rafiki yako. Nikafuata kila kitu kama mwanafunzi mzuri. Bure yenyewe sikuiona, ila tangu hapo intaneti ikaanza kukohoa mpaka ikafa kabisa. Na kuna kitu yule kijana hakukisema, ukiandika proksi ya mtu usiyemjua maana yake mawasiliano yako yanapitia kwanza kwenye kompyuta yake ndo yaendelee na safari, kwa hiyo tovuti unazotembelea anaziona, na tovuti ambayo haina ulinzi wa kufunga mawasiliano anaona mpaka unachoandika. Afu tunashangaa akaunti zinaibiwa.

Kwa hiyo ukikwama, kabla hujamtafuta mtu, nenda kwenye setingi, tafuta sehemu ya mtandao wa simu, ingia kwenye laini yako, ndani yake chini kabisa huwa kuna APN. Kwenye Android pale juu kwenye kitufe chenye nukta tatu kuna sehemu ya kurudisha APN zote kama zilivyotoka mwanzo, ibonyeze hiyo. Hicho tu. Hicho tu ndo kingeokoa picha zangu. Ikiwa bado inagoma ndo uandike mwenyewe, na hapa watu wanatishika wakiona ile fomu ndefu yenye mistari kumi na kitu, usiogope, unajaza jina, jina lolote utakalolikumbuka, na unajaza APN uliyopewa na kampuni yako, mengine kwa kawaida unayaacha yalivyo. Proksi na poti ni mabaki ya zama za WAP, ile intaneti ya simu za zamani ambayo kurasa zake zilikuwa karibu maandishi matupu, acha wazi isipokuwa kampuni yenyewe imekwambia. Zile namba za nchi na kampuni zimeshajijaza kutoka kwenye laini usizichokonoe. Angalia tu usiweke nafasi mwishoni mwa neno, maana nafasi haionekani kwa macho lakini simu inaihesabu, na ni rahisi sana kuiokota kama unakopi kutoka kwenye meseji.

Afu kuna hili ambalo limenitoa jasho mimi mwenyewe, ukimaliza kuandika usibonyeze kurudi nyuma ukadhani imejihifadhi. Kwenye simu nyingi unatakiwa urudi kwenye zile nukta tatu ubonyeze hifadhi, afu ukitoka uichague hiyo APN kwa kuweka alama kwenye kiduara chake. Nimeona mtu anaandika APN sahihi mara tatu, mara zote tatu hakuhifadhi, akaishia kuilaumu kampuni. Kwenye iPhone ipo kwenye sehemu ya data ya simu, na kampuni nyingine zimeifunga kabisa haionekani, ukiitafuta ukaikosa sio kwamba umepotea njia.

Baada ya hapo washa ile hali ya ndegeni, hesabu mpaka kumi, zima. Watu wanaona ni uchawi wa kitoto lakini inalazimisha simu ijitambulishe upya kwenye mnara na kuomba njia mpya.

Wala sisemi kila kitu ni APN. Kuna siku jirani kaniletea simu ya laini mbili analia bando lake limeibiwa, kumbe kanunua bando kwenye laini ya pili na data ameiacha kwenye laini ya kwanza ambayo haina hata senti, simu inatii tu ilichoambiwa. Mwingine yeye programu moja tu ndo haifunguki, zingine zote safi, huyo hana haja ya APN wala nini, akaangalie kiokoa data au hiyo programu yenyewe kama imezuiwa kutumia data. Na kuna walioweka kikomo cha matumizi mwaka jana wakasahau, simu ikifika hapo inakata, inafanya kazi uliyoituma.

Ila iliyonishangaza kuliko zote ni ya saa. Simu iliisha chaji ikalala siku nyingi, ilipowashwa saa yake ikasema tarehe 1 Januari 1970, ambayo ndo siku kompyuta nyingi zinaanzia kuhesabu muda, na kila tovuti ikawa inagoma kwa kusema haiaminiki. Tovuti zina vyeti vya utambulisho vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, simu inayodhani ipo 1970 inaona kila cheti bado hakijaanza, inakataa. Tukaweka saa ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao, basi, kimya. Fundi angefomati hiyo pia naapa.

Na wale ambao intaneti inakatika kila wakipigiwa simu, huo nao siyo ugonjwa wa kufomati. 4G ilipoanza kuuzwa mwaka 2009 kule Stockholm na Oslo ilikuwa ya data tu, haikubeba sauti, kwa hiyo mpaka leo simu ambayo haina VoLTE, yaani uwezo wa kubeba sauti kwenye 4G hiyo hiyo, au ambayo VoLTE imezimwa, ukipigiwa inashuka kwenye 3G au 2G ili uongee, na kwenye 2G mara nyingi data inasubiri mpaka ukate. Iwashe VoLTE kama simu na kampuni yako wanayo. Kama hawana, ongea haraka.

Waifai nayo ina vituko vyake sitaki nimalize ukurasa wa wenzangu. Nitasema vitatu tu. Ukiona rafiki yako haioni hotispoti yako wakati mmekaa meza moja, angalia kama umeiweka kwenye mawimbi ya gigahezi 5, simu za zamani na za bei nafuu nyingi zinaona 2.4 peke yake, ibadilishe ataiona, na 2.4 inafika mbali zaidi ingawa ni ya polepole. Na kama anaiona lakini paswadi inakataa na umehakikisha ni yenyewe, angalia aina ya ulinzi, WPA3 imetoka 2018 na simu iliyotengenezwa kabla ya hapo huenda haijui kuiongea, ishushe kwenye WPA2. Kingine, simu ikishaunganika kwenye waifai ambayo yenyewe haina intaneti inaweza ikang'ang'ania hapo hapo na bando lako likae tu bila kazi, zima waifai kwanza ndo ulalamike.

Ukishajaribu yote imegoma, ndo uende kwenye kuweka upya setingi za mtandao. Narudia, setingi za mtandao, siyo simu nzima, ni vitufe viwili tofauti na kwa bahati mbaya wameviweka jirani. Hicho cha mtandao kinafuta paswadi za waifai ulizohifadhi na vifaa vya blututhi ulivyounganisha, kinarudisha na APN za kiwandani, lakini picha, meseji na namba za watu hakigusi. Ukiwa unatumia eSIM, ile laini isiyo na kadi inayokaa ndani ya simu yenyewe, soma vizuri kabla ya kukubali, simu zingine zina kijisanduku cha kufuta na eSIM pia, kiache bila tiki. Mwiba hutokea ulipoingilia wahenga walisema, ugonjwa wa mtandao tuutolee kwenye mtandao, picha za watu zina kosa gani.

Sasa maombi yangu. Kampuni za simu, zile kadi mnazobandikia laini zina nafasi kubwa mmejaza rangi na picha za watu wanacheka, andikeni APN hapo, kwa Kiswahili cha kueleweka, na mseme ni wapi pa kuiandika. Mafundi, sina ugomvi na nyie, mnatusaidia sana, lakini ulizeni maswali mawili kabla ya kufuta, je umegusa setingi hivi karibuni, na je vitu vyako umevihifadhi kwingine. Mimi ningeulizwa hilo la kwanza ningekiri, kwa aibu lakini ningekiri. Na watengenezaji wa simu, hiyo menyu ya Kiswahili mmeitafsiri vizuri sehemu nyingine, mtandaopepe kwa mfano, yaani hotispoti, nimelipenda neno hilo, lakini ukifika kwenye mambo ya APN unasoma sentensi mara tatu na bado hujui ubonyeze wapi, matokeo yake watu wanabadilisha simu iwe ya Kiingereza ambacho nacho hawakielewi.

Na wewe Mhariri, ule ukurasa wa teknolojia kila wiki unatuletea simu mpya ina kamera ngapi. Sipingi, napenda kuziangalia. Ila wiki moja tuwekee kijisanduku chenye APN za kampuni zote za simu na hatua za kuiandika, mtu akikate akiweke kwenye pochi, maana intaneti ikikata huwezi kwenda kuitafuta APN intaneti.

Ni mimi msomaji wako,
Majeruhi wa fomati