Barua ya wazi kwa mwana wa ami, kuhusu taa ya ngazini

Mwana wa ami yangu,

Assalaam aleikum. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu nawe ulinisema mbele ya watu, siku ya hitima, kwamba nilimfukuza Bibi darini kwa ajili ya picha.

Jioni ya tarehe 14 Oktoba 2024 unaikumbuka. Jua lilikwisha kutua, Zuhura ilikuwa inawaka juu ya mapaa, na kulia kwake ile nyota yenye mkia, Tsuchinshan-ATLAS, siku mbili baada ya kuikaribia Dunia kiasi cha kilomita milioni 71, ilikuwa inajitokeza gizani. Mwezi ulibakisha siku tatu tu ukamilike, na kila jioni mwanga wake ungezidi kuufifisha ule mkia. Kwa lenzi ya milimita 50 niliiacha kamera wazi sekunde nane. Ningezidisha sana, mzunguko wa Dunia ungezivuta nyota zikawa vistari, na ningepunguza, mkia usingetokea. Ndani ya sekunde hizo ndipo wewe ulipomulika ngazi kwa taa.

Nilipiga kelele, "Zima taa!" Hilo silikatai. Sikujua kwamba nyuma ya taa alikuwako Bibi, kashika ukuta, anapanda kidato kimoja kimoja, yeye ambaye nyota nyingine yenye mkia, Halley ya mwaka 1986, ilimpita kwa mawingu. Alisema, "Haya mwanangu, siwasumbui," akageuka. Bado naisikia kandambili yake ikishuka.

Nawe uliyemshika mkono, mbona hukuniambia ni nani? Ulinyamaza, neno ukaliweka hadi tulipokwisha kumzika. Ukipata wanao, wafundishe kwamba anayempandisha mtu mzima hutanguliza sauti, kama tulivyolelewa sote kupiga hodi kabla ya kufika darini. Ungepiga hodi, ningeiacha kamera na kumwekea Bibi kiti. Au pengine ningesema, "Ngojeni kidogo," maana sekunde nane si nyingi, na mzee angeweza kupumzika hapo hapo ngazini.

Kisimamio cha kamera ulichonichongea kwa mabaki ya boriti za mkoko ningali nacho, na hakijatikisika hata siku moja; kwa hilo nakushukuru kila nikitokapo usiku. Picha ile nayo sikuifuta. Nyota imemezwa na mwanga wa manjano, na pembeni ukutani pana kivuli cha mkono. Ukija Lamu, panda uitazame, ila upige hodi.